Gita Alilochagua Baba Yako

Mwanangu Akoth,

Umelala, na begi lako liko mlangoni tangu jioni. Sitakuandikia habari za kula vizuri wala za kuvaa sweta asubuhi, maana hayo nimeyasema mpaka ukawa unayamalizia wewe kabla sijafika mwisho. Nataka kukuandikia juu ya hilo gita. Na kabla sijaanza niseme wazi, usije ukasoma nusu ya barua ukijiuliza mama ana nini: nina wivu. Si wa kutania. Umekaa hapa kifuani tangu tulipotoka Migori na haujashuka.

Namwonea wivu baba yako. Namwonea wivu mama yako mdogo, ambaye sina ubaya naye ila ule nilio nao, kwa sababu kesho ni yeye atakayekutandikia kitanda Homa Bay. Na gita lenyewe nalionea wivu, kwa kuwa litakaa mapajani mwako njia nzima, nami nitakuwa huku Muhuru nageuza dagaa wa omena juani. Sasa umejua. Soma hii kabla hujapanda gari, kwa sababu mwishoni kuna jambo ambalo lazima unijibu.

Simulizi ya baba yako umeisikia kwake mara nyingi, tena anaisimulia vizuri. Yangu ni fupi. Ulikuwa hujaanza shule alipokwenda Homa Bay na bendi yake. Alisema anakwenda kutafuta, na kweli alipata. Alipata hoteli za kando ya ziwa za kupigia, akapata harusi na sherehe za wenye pesa, akapata na mke. Sisi tulimpata kwenye simu, hasa Krismasi. Sikukukataza kumpenda. Nilijikaza, nikakupa simu kila ilipolia, kisha nikaenda nje kutafuta kazi ya kufanya.

Halafu akausikia wimbo wako, ule mliourekodi na wenzako wa kwaya, akapiga simu siku hiyohiyo. Alisema uende upige naye. Ila uende na gita lako mwenyewe, la mbao, la nyuzi kumi na mbili, na liwe na mahali pa kuchomeka waya wa spika. Ulirukaruka mpaka ukapiga teke beseni la vyombo. Niliuliza tu kwa nini kumi na mbili, ukaniambia Baba amesema sauti yake inajaa.

Ni kweli inajaa. Kila uzi una mwenzake pembeni, ukigusa mmoja zinalia mbili, na mtu aliye nje ya ukumbi anadhani wanapiga watu wawili. Nilijua hapohapo baba yako anataka nini. Bendi yake imepungua, na anatafuta wapiga gita wawili huku akilisha mmoja. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni siku nzima. Sikuyasema, kwa sababu ulikuwa na furaha na mimi nikiiona furaha yako huwa nashindwa kusema.

Hujawahi kuniuliza nimejulia wapi mambo ya gita. Nilipoolewa hapa nilikuwa msichana wa Isebania, Mkuria, sijui hata kusalimia kwa Kijaluo. Baba yako naye Kikuria kilimshinda, kwa hiyo nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, na ndicho ulichoanzia kuongea. Jioni za kwanza niliwaona wanawake wa boma wakinitazama na kucheka. Baadaye mama mkwe akanieleza. Walikuwa wanasema nimemkuta nyieka wangu ndani ya nyumba, yaani mke mwenza. Gita. Baba yako alikuwa na la nyuzi kumi na mbili alilolinunua Sirare likiwa limeshatumika, na lilikuwa na nafasi yake kitandani, upande wa ukutani.

Nililichukia, kisha nikalitunza. Alikuwa akirudi asubuhi kutoka kwenye sherehe, anajilaza na viatu, na gita ananiachia mimi. Nilifuta jasho lake shingoni. Nilizilegeza nyuzi, nilibadilisha zilizokatika, nilijifunza kuzipatanisha mbili mbili kwa sikio, uzi mnene na mwembamba wake, mpaka zikasikika zikikubaliana. Baba yako aliwaambia watu kwamba ana bahati, gita lake halipotezi sauti. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia.

Kisha nikafanya kosa, na hilo kosa umelisikia kwake pia. Walinyeshewa njiani wakitoka kupiga, gita likafika nyumbani limepata maji na linanuka unyevu. Sasa mimi kitu kibichi nakifanya nini? Nilifanya kama mtu yeyote wa Muhuru angefanya. Nilitandika wavu, nikalilaza chali kando ya omena, jua lilipige vizuri. Nyuzi nilisahau kuzilegeza. Mchana nilisikia kishindo nje na kuku wakatawanyika. Gundi ilikuwa imelainika, na kile kibao kinachoshika nyuzi huku chini, wanachokiita briji, kilikuwa kimeng'oka chote na kimebaki kinaning'inia kwenye nyuzi.

Baba yako alisema ni wivu. Alilisema hilo hapa, akalisema kwa mama yake, na Homa Bay nasikia bado analisema watu wakacheka. Nakuambia wewe mara moja na basi: haikuwa wivu. Ningekuwa nimefanya kwa wivu ningelitupa ziwani, nisingehangaika kulianika. Nilikosea kwa kutojua, na kosa hilo ndilo lililonifundisha gita kuliko yale yote niliyoyafanya vizuri. Nyuzi kumi na mbili zinavuta mchana na usiku, hata wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo usizikaze mpaka mwisho. Ziache chini kidogo ya wanavyopiga wengine, na ukitaka sauti ipande, weka kile kibano cha kubana nyuzi kwenye shingo ya gita. Usiliache juani, wala ndani ya gari lililofungwa. Wala usimwachie mtu mwingine alitunze.

Alipoondoka hakuondoka kwa sababu ya gita. Aliondoka kwa sababu alitaka kuondoka. Nimechukua miaka mingi kuisema sentensi hiyo bila kuongeza kitu mbele yake.

Sasa nije kwenye Migori.

Ulisema unaweza kwenda peke yako, nikajifanya sijasikia, nikavaa viatu. Kwa Bwana Swaleh, yule mtu wa Lamu mwenye duka la vyombo vya muziki, tulikuta mawili ambayo pesa zako za kusuka watu nywele zingeyafikia. Moja jeusi, linang'aa, jipya. Jingine la kahawia, halina mapambo, lina mkwaruzo mgongoni kwa sababu mtu alilirudisha. Kabla sijaweka mkoba chini ulikuwa umeshampigia baba yako kwa picha na umeigeuzia simu ukutani, yalikoning'inia. Aliyatazama kwa muda wa kumeza mate.

"Nyara, binti yangu, chukua hiyo nyeusi," akasema. "Hiyo ndio iko sawa."

Ukamuuliza habari za shingo, akakueleza. Ukamuuliza mbao, akakueleza. Ukamuuliza kama ya kahawia si ingekuwa nafuu, akakueleza kwa utaratibu kama padri. Mimi nilikuwa nimesimama kiwiko kwa kiwiko na wewe, nimeshika mkoba wako. Alipokata simu nikakuambia uniulize na mimi basi, kwani niko hapa. Ukacheka.

"Mama, wewe unajua omena."

Hukusema kwa ubaya. Najua kwa sababu nimekulea na ubaya wako naujua ulivyo. Bwana Swaleh naye alicheka kwa heshima. Lakini Akoth, liliniingia. Nilikuwa tayari kukupoteza kwa baba yako, uende ukaishi kwake. Sikuwa tayari kukuona unamwachia hata kile kidogo ninachokijua, tena mimi nikiwa nimesimama hapo.

Ndiyo maana nililichukua lile jeusi mikononi mwako kwa nguvu. Uliona mama yako ameanza kupima gita kama mwendawazimu. Niliweka jicho moja kwenye kichwa cha gita nikatazama shingo mpaka mwisho wake, kama imepinda. Nikamwomba Bwana Swaleh risiti tupu, nikajaribu kuipenyeza chini ya briji, maana karatasi ikiingia ujue gundi imeanza kuachia. Nikatazama nyuma ya briji kama uso wa gita umevimba. Nikabonyeza nyuzi huku juu na huku chini kuona kama ziko mbali sana na shingo, kwa sababu zikiwa mbali zitakukata vidole na kufika usiku wa manane hutaweza kupiga. Nikakupa wewe ushike, nione kama vidole vyako vinapata nafasi kati ya jozi na jozi. Nikachomeka waya, nikautikisa, nikasikiliza kama spika inakwaruza. Nikafungua mahali pa betri. Nikagonga mbao. Ni plaiwudi, yote mawili, na kwa bei ile usitarajie kingine. Plaiwudi si aibu. Joto la ziwa inalivumilia, na ile mbao nzima ya bei kubwa ingekupasukia.

Unajua nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa natafuta kosa. Kila nilipoweka mkono nilikuwa naomba, na simaanishi kutamani, namaanisha kumwomba Mungu niliyekufundisha wewe kumwomba, kwamba gita alilochagua baba yako liwe bovu. Lipinde mahali. Karatasi iingie. Nilitaka niligeuze nikuonyeshe mbele ya mwenye duka, na jioni umpigie baba yako umwambie Mama ameona jambo ambalo wewe hukuliona. Sikupata kitu.

Ndipo nikaomba yapatanishwe yote mawili, yaachwe kwenye viti, twende tukanywe chai. Wewe ulidhani nimechoka. Bwana Swaleh alielewa, maana alitabasamu akasema, "Haya mama, hakuna atakayeyagusa." Hicho ndicho kipimo ambacho baba yako hakukitaja, naye anakihitaji kuliko mtu yeyote, kwa jinsi wanavyopiga huko kwao.

Wewe umepiga kanisani tu, ambako wimbo ukianza unakwenda mpaka mwisho. Kwenye sherehe za baba yako kuna pakruok. Mtu anainuka na pesa yake, anailipa bendi, muziki unakatwa katikati. Anashika maikrofoni anajisifu: yeye ni nani, mtoto wa nani, rafiki zake ni kina nani, shemeji zake, ng'ombe wake. Watu wanapiga kelele. Anaweza kuongea kidogo, anaweza kuongea sana, na bendi haina ruhusa ya kumkatiza, kwa sababu amelipia. Akimaliza anapunga mkono, na muziki lazima urudi hapohapo ulipokatiwa, mkali vilevile, kwani ndio unaozipokea sifa zake. Sasa gita la nyuzi kumi na mbili ambalo funguo zake za kukazia nyuzi hazishiki, likikaa kimya kidogo tu, jozi moja inashuka. Mkono unapungwa, wewe unapiga, na nyuzi zinagombana mbele ya watu.

Lilimpata baba yako nikiwepo. Aliyejisifu alikuwa mtu wa machimbo ya dhahabu ya Osiri, amevaa suti, ameinua mkono juu, na baba yako anazungusha funguo, anasikiliza, anazungusha tena. Mkono ukachoka ukashuka. Yule bwana alisema jina lake limevunjiwa heshima na akataka arudi kujisifu upya bila malipo. Ilikuwa ni mara moja ambayo gita nilikuwa sijalipatanisha mimi, kwa sababu tulikuwa tumegombana.

Basi tulikunywa chai. Wewe ulikuwa unaandikiana na baba yako, nikiuona uso wako umewaka mwanga wa simu, na chapati yangu ikanishinda. Tuliporudi, Bwana Swaleh akapitisha kidole juu ya lile la kahawia. Jozi mbili zilikuwa zimeachana. Akapitisha juu ya jeusi. Lilikuwa kama tulivyoliacha.

Ukanitazama. Hilo sitalisahau, kwamba siku hiyo yote hapo ndipo ulipogeuka kunitazama mimi kwanza. Na nilikuwa na maneno tayari, mwanangu. Ningeweza kusema la kahawia lina nyuzi mpya, nyuzi mpya hulegea, zikizoea zitashika, nawe ungeniamini, maana ni jambo ambalo wakati mwingine ni kweli. Ungekuwa na gita nililolichagua mimi. Nilihesabu kichwani jinsi ungesema Homa Bay kwamba hili alinichagulia Mama.

"Chukua hiyo nyeusi," nikasema.

Hata sijamaliza ulikuwa na simu sikioni. Ulimwambia, "Baba, ulikuwa sawa." Ni hayo tu. Hukusema Mama amelipima. Hukusema tumelijaribu. Bwana Swaleh akaanza kulifunga, akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari, kwa jinsi nilivyokuwa nimekaa. Wewe mpaka leo unadhani lilikuwa jua la Migori.

Nimekuandikia haya ili ujue ninavyokutuma, si ili ulie. Baba yako ni mpigaji mzuri. Mkono wake wa kulia hauna uongo ndani yake, uangalie, uuige, uuchukue wote. Yale mengine yake utayaona mwenyewe na sitakutajia. Mama yako mdogo ukimwona ananyamaza, usifikiri anakuchukia. Pengine anajua hata yeye kuna gita upande wa ukutani. Msaidie kazi, lakini usimwite mama bila kuongeza mdogo. Naomba hilo, na najua ni dogo, na naliomba hivyohivyo.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi la gita nimekuwekea nyuzi za akiba. Nyingi ni za ule mwembamba wa jozi ya tatu, kwa maana ndio hukatika kwanza, na madukani huwa wanakuuzia seti nzima wakati unahitaji mmoja.

Sasa lile jambo. Jumamosi mnapiga kwa yule mfanyabiashara wa samaki anayefungua nyumba yake mpya pale Homa Bay, uliniambia mwenyewe. Itakuwa mara yako ya kwanza. Baba yako atakusimamisha mbele. Namjua, atashika maikrofoni aseme huyu ni damu yangu, huu mkono ni mkono wangu, gita hili nililichagua mimi nikiwa nimekaa hapahapa Homa Bay. Watu watapiga vigelegele, nawe utatabasamu kwa sababu ni kweli. Nimeipiga picha hiyo kichwani kila siku tangu Migori na kila mara mimi simo.

Kwa hiyo nakuja. Hakuna aliyenialika na hakuna aliyenikataza. Nimeuliza, wanawake wanaruhusiwa pakruok, na mgeni anaruhusiwa, mradi umelipa. Nitauza omena Isebania Alhamisi, na Jumamosi nitakuwa nyuma ya watu, nimevaa kile kitenge changu cha Pasaka. Mkifika katikati ya wimbo nitainua mkono. Baba yako atakata muziki kabla hajajua ni nani, maana ndiyo kazi yake, na akishajua atakuwa ameshapokea pesa.

Kijaluo changu kitavunjika mbele ya watu wale wote, kwa hiyo nitasema kwa Kiswahili chetu. Nitasema mimi ni Robi wa Isebania. Nitasema huyu msichana nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na shingo ya gita lake niliitazama mimi kwa jicho langu. Nitaeleza habari ya kuanika, yote, tangu mvua, na wakicheka watacheka nikiwa nasimulia mimi. Na baba yako atasimama hapo kimya mpaka nimalize.

Ukiona nitakuaibisha, niambie asubuhi kabla hujapanda gari, nami nitabaki, sitanuna mbele yako. Usiposema kitu nitajua umekubali. Wewe utaweka tu kiganja juu ya nyuzi, ungoje. Nitaongea sana, Akoth. Usiogope. Hilo gita linaweza kunisubiri, nililipima mimi.

Mama yako,
Robi